Kusoma Jiografia Kidato cha Tano na cha Sita Ukiwa Mtwara au Lindi: Mwongozo Kamili

Wanafunzi wengi wa michepuo yenye jiografia (HGL, HGK, HGE, EGM na CBG) huku kusini wanaisoma jiografia kama habari za ugenini. Wanaijua ngano ya Kanada, bandari ya Rotterdam na barafu ya milima ya Alps. Ukiwauliza kwa nini Newala ilihangaikia maji miaka nenda rudi ilhali mvua inanyesha, wanakuangalia tu. Na hilo, likigeuzwa kidogo, ni swali la mtihani kabisa: miamba, maji ya ardhini, makazi ya watu.

Mwongozo huu unashika njia moja. Kila mada ya kitabuni itafutie kwanza mahali pake Mtwara au Lindi, uielewe hapo, ndipo uende Rotterdam. Muhtasari ukitaja nchi fulani, nchi hiyo lazima uisome, hakuna mjadala. Ila mtu aliyekwisha kuelewa bandari ya Mtwara ataielewa Rotterdam kwa nusu ya muda, na hataisahau.

Hatua ya kwanza: jua unachodaiwa

Mtihani wa kidato cha sita una karatasi mbili, kila moja ya saa tatu. Ya kwanza inabeba jiografia ya vitendo (ramani, takwimu, upimaji ardhi, picha, utafiti) pamoja na jiografia ya asili. Ya pili inabeba watu, uchumi na rasilimali. Mtaala umekuwa ukibadilishwa tangu mageuzi ya 2023, kwa hiyo kabla hujanunua kitabu muulize mwalimu darasa lenu linafuata muhtasari upi. Madaftari ya kaka yako aliyemaliza zamani yanaweza kuwa na mada zilizokwisha kuhamishwa.

Kisha ingia tovuti ya NECTA, Baraza la Mitihani, upakue vitu vitatu, vyote bure: fomati ya mtihani, mitihani iliyopita, na taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa. Hizo taarifa ndizo wengi hawazigusi, na mimi ningeanza nazo. Zinakwenda swali kwa swali, zinaeleza watahiniwa walikwama wapi, na zinaonyesha jibu la aliyepata na la aliyekosa kwa mwandiko wao wenyewe. Ukisoma mbili tatu utaona makosa yaleyale yanajirudia kila mwaka: mtu anaorodhesha bila kueleza, anajibu swali alilolitamani badala ya aliloulizwa, anaacha vizio kwenye hesabu. Kama bando ni shida, mmoja apakue, wengine mhamishiane kwa flashi.

Halafu hesabu muda. Kidato cha tano huanza Julai na mtihani wa mwisho huwa Mei, hivyo miaka miwili inayosemwa haifiki miaka miwili. Toa likizo, toa mtihani wa utamilifu, utaona kwamba jiografia ya vitendo haiwezi kungoja kidato cha sita.

Hatua ya pili: fungua daftari la mifano

Hili ni daftari la pembeni, si lile la nondo za mwalimu. Kila mada ipe ukurasa wake. Andika mahali, tarakimu moja au mbili unazoziamini, sababu, na kamchoro ka ramani. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo penye utajiri.

Masasi. Yale majabali yanayosimama wima katikati ya tambarare ni mfano unaotambulika duniani. Mwanajiolojia wa Kijerumani, Wilhelm Bornhardt, alizunguka kusini hii mwishoni mwa karne ya 19, na kazi yake ya mwaka 1900 ndiyo iliyoyaingiza majabali ya aina hii katika somo kwa jina la inselbergi. Yale yenye umbo la kuba yanaitwa bornhardti mpaka leo. Usiishie kwenye jina, lakini. Andika maelezo mawili yanayoshindana kuhusu asili yake. La kwanza linasema mwamba ulioza kwa kemikali chini ya ardhi, sehemu yenye nyufa chache ikabaki imara, kisha udongo uliooza ukachukuliwa na maji na jabali likaachwa wazi. La pili linasema miteremko ya nchi ya juu ilirudi nyuma taratibu kwa muda mrefu mno, ikabakiza visiki vya mwamba. Mtahini anayemkuta mwanafunzi akipima nadharia mbili kwa jabali analolifahamu hawezi kumpa alama za huruma. Atampa alama zake.

Uwanda wa Makonde. Juu yake kuna mchanga na mawe ya mchanga yanayopitisha maji kwa urahisi. Mvua inazama, mito juu ya uwanda ni adimu, na maji yanatokea chini, pembezoni mwa uwanda. Kwa vizazi watu waliishi juu penye ardhi ya kulima na kushuka bondeni kuteka maji. Mradi wa maji wa Makonde unafanya kazi hiyohiyo kwa pampu: unayapandisha kutoka chini. Ukifika Newala simama Shimo la Mungu, tazama ukingo unavyoporomoka kuelekea bonde la Ruvuma, na ng'ambo ni Msumbiji. Hapo una kurasa tatu kwa mpigo: miamba na maji, miteremko, makazi.

Pwani. Hapa kuna jambo linalowachanganya wengi, na ndiyo sababu lina alama. Ghuba ya Lindi, unapoingia mto Lukuledi, na ghuba ya Mikindani ni mabonde yaliyofunikwa na bahari. Kiasi cha miaka 20,000 iliyopita bahari ilikuwa chini kuliko sasa kwa takriban mita 120. Barafu ilipoyeyuka, maji yakapanda na kuingia mabondeni. Lakini pwani hiyohiyo ina matumbawe ya kale yaliyo juu ya usawa wa maji ya leo, ambayo watu wanayachimba kwa kujengea na kuchoma chokaa. Mengi ya aina hiyo yalikua zamani zaidi, kama miaka 125,000 iliyopita, bahari ilipokuwa juu kuliko sasa. Kwa hiyo pwani moja ina dalili za kuzama na dalili za kuinuka. Mwanafunzi anayeandika kwamba pwani ni ya aina moja tu amekariri. Anayeweza kuziweka dalili hizi mbili kwenye nyakati tofauti ameelewa.

Mada ya maji kujaa na kupwa usiipoteze, maana kama umekulia Kilwa, Lindi au Msangamkuu unaijua kabla ya kuisoma. Bamvua, yaani maji kujaa na kupwa kupita kawaida, huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, kwa kuwa jua na mwezi vinavuta kwa mstari mmoja. Maji mafu, yanayojaa na kupwa kidogo tu, huja mwezi ukiwa nusu. Kusi na kaskazi nazo ni pepo za msimu, na kuta za Kilwa Kisiwani ni ushahidi wa biashara iliyosafiri kwa pepo hizo. Magofu hayo, pamoja na ya Songo Mnara, yaliingia orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981. Hiyo ni ya ukurasa wa utalii.

Mvua na vimbunga. Tanga na Dar es Salaam wana vuli na masika. Sisi tuna msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei, mara nyingi ukiwa na kipindi kikavu katikati. Sababu ni latitudo: ukanda wa mvua unaofuata jua unapita kaskazini mara mbili kwa kuachana sana, ilhali huku, karibu na mwisho wa safari yake, kwenda na kurudi kunakaribiana. Ukisoma kwamba vimbunga havipigi Tanzania, weka alama ya kuuliza. Lindi ilipigwa Aprili 1952. Kimbunga Kenneth kiliingia Cabo Delgado, Msumbiji, jirani zetu tu, Aprili 2019. Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya ziliikata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi maeneo ya Somanga. Havipigi mara nyingi kwa kuwa karibu na ikweta nguvu ya mzunguko wa dunia ni dhaifu, na kimbunga kinaihitaji ili kizunguke.

Korosho inatosha kurasa mbili: hali ya hewa yenye kiangazi cha wazi wakati wa maua, udongo wa kichanga, ugonjwa wa ubwiriunga na salfa inayopulizwa kuuzuia, utafiti wa kituo cha kilimo cha Naliendele, vyama vya ushirika vya wakulima (AMCOS), na stakabadhi ghalani, mfumo wa kuuza korosho kupitia ghala, ulioanza 2007. Kisha swali la viwanda: kwa nini korosho nyingi inasafirishwa ghafi kwenda India na Vietnam kubanguliwa huko? Jibu lina mtaji, ujuzi, nishati, soko na sera. Ukiweza kulijibu, mada ya mahali pa kujenga viwanda imekwisha. Mfano wa upande wa pili ni saruji: kiwanda cha Dangote kiko Mtwara kwa sababu chokaa iko hapo, ni nzito, na kuibeba mbali ni hasara.

Karanga. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mradi mkubwa wa karanga Kongwa, Urambo na Nachingwea. Ukaachwa mwaka 1951. Walikuja na matrekta kabla ya kupima udongo na mvua vya kutosha. Kwa ajili ya Nachingwea ilijengwa reli kutoka Mtwara pamoja na bandari ya kina kirefu. Reli iling'olewa baadaye, bandari ipo mpaka leo. Mfano huu unafaa kilimo kikubwa, uchukuzi na mipango ya maendeleo, na karibu kila mzee wa Nachingwea ana la kusimulia.

Gesi: Songo Songo iligunduliwa 1974 na kuanza kutumika 2004, Mnazi Bay iligunduliwa 1982 na kuanza kuzalisha umeme 2006, bomba la Mtwara hadi Dar es Salaam lilizinduliwa 2015. Uchukuzi: daraja la Mkapa juu ya Rufiji, 2003, na daraja la Umoja juu ya Ruvuma, 2010. Linganisha kusini kabla na baada ya hayo.

Msongamano wa watu nao una mfano mzuri hapahapa. Sensa ya 2022 ilihesabu watu kama milioni 1.63 mkoa wa Mtwara na milioni 1.19 Lindi. Mtwara ina eneo la takriban kilomita za mraba 16,700, Lindi 66,000. Gawanya: karibu watu 98 kwa kilomita moja ya mraba Mtwara, 18 Lindi. Sasa eleza tofauti. Anza na Liwale na hifadhi ya wanyama, mbung'o, barabara, kisha korosho. Usiseme tu kwamba Lindi ni pori.

Hatua ya tatu: ramani na hesabu, kila wiki

Hapa hakuna ujanja wa kupiga msuli usiku mmoja. Ni mazoezi ya mkono, kama nusu saa mara tatu kwa wiki tangu muhula wa kwanza. Omba shuleni nakala ya ramani ya topografia ya skeli 1:50,000. Ya wilaya yenu ikipatikana ni bora zaidi, maana utakagua kontua kwa macho.

Chukua mfano. Pointi A iko juu ya ukingo, mita 700. B iko bondeni, mita 220. Rula inasoma sentimita 4.8. Kwa skeli hiyo sentimita 1 ni mita 500, hivyo umbali ni mita 2,400. Tofauti ya urefu ni mita 480. Mteremko ni 480 gawa kwa 2,400, yaani 1:5: ukitembea mita tano kwa mlalo, unashuka moja. Wanaokosa swali hili hukosea mahali palepale: wanaacha umbali ukiwa kilomita na urefu ukiwa mita, au wanaweka vizio kwenye jibu ambalo ni uwiano tu.

Ukichora mkato wa ramani hiyohiyo na kutumia sentimita 1 kwa mita 100 upande wa wima, skeli ya wima ni 1:10,000. Gawa 50,000 kwa 10,000: umekuza urefu mara 5. Andika tarakimu hiyo chini ya mchoro wako kila mara. Njia au mto unaopinda upime kwa uzi, si kwa kukisia na rula.

Longitudo nayo ina mazoezi ya bure. Saa ya Afrika Mashariki inafuata longitudo 45 mashariki. Mtwara iko karibu 40. Digrii tano mara dakika nne ni dakika 20, hivyo kwa wastani wa mwaka jua linafika katikati ya anga yetu kama saa 6:20 mchana. Simika mti wima uwanjani karibu na tarehe 20 Oktoba, na tena karibu na tarehe 21 Februari, uangalie kivuli chake adhuhuri. Kitakaribia kupotea kabisa, kwa kuwa tuko karibu latitudo 10 kusini na jua linapita utosini. Ukitaka ugumu zaidi, tafuta kwa nini saa halisi ya siku hizo inaachana kidogo na 6:20.

Takwimu sitazirefusha: wastani, mchepuko sanifu, grafu za aina zote. Tumia mvua za mkoa wako au bei za minada ya korosho badala ya tarakimu za kubuni, utakuwa unajenga daftari la mifano hapohapo.

Hatua ya nne: toka nje ya darasa

Mada ya utafiti inatisha mpaka uifanye mara moja. Chagua swali dogo linaloweza kujibiwa kwa siku mbili. Kwa mfano: je, mchanga wa ufukweni unabadilika ukubwa kadiri unavyotoka kwenye maji? Panga vituo sita kwa mstari ulionyooka, kila mita kumi, chukua konzi moja kila kituo, pima kwa chujio, andika jedwali, chora grafu. Umegusa sampuli, ukusanyaji, uwasilishaji na ukomo wa utafiti. Nenda maji yanapokupwa, na tazama kalenda ya mwezi kabla hujapanga siku. Maji yakijaa kabla hujamaliza, vituo viwili vya kwanza vitakuwa chini ya maji.

Wa Masasi, Tandahimba au Ruangwa wasio na bahari wafanye dodoso fupi kwa wakulima: wanapata pembejeo wapi, wanasafiri umbali gani hadi ghalani. Salimia ipasavyo, shikamoo kwanza, eleza kwamba ni kazi ya shule, na usiulize kipato cha mtu kama swali la kwanza. Kwa upimaji wa mnyororo na dira, uwanja wa mpira wa shule unatosha.

Hatua ya tano: elewa kwa Kiswahili, andika kwa Kiingereza

Mtihani ni wa Kiingereza, na hapa ndipo watoto wenye akili wanapoangushwa na madesa. Wanakariri sentensi nzima wasizozielewa, swali likigeuzwa kidogo wanabaki na sentensi isiyojibu chochote. Afadhali hivi: mwambie mwenzako mada kwa Kiswahili mpaka aridhike, bila daftari. Kisha wote wawili andikeni aya moja ya Kiingereza chepesi, sentensi fupi, na istilahi za somo zikiwa sahihi. Mbadilishane, msahihishane.

Aya yenyewe iwe na sababu, jinsi inavyofanya kazi, na mahali. Tazama tofauti. Mmoja anaandika: kuna uhaba wa maji kwa sababu ya miamba. Mwingine: mchanga na mawe ya mchanga juu ya Uwanda wa Makonde hupitisha maji, mvua huzama badala ya kutiririka, kisha hutokea kama chemchemi chini ya ukingo, kwa hiyo vijiji vya juu viko mbali na maji ingawa mvua inanyesha. Yule wa kwanza ametaja tu. Wa pili ameeleza, kwa sentensi ambayo hata kwa Kiingereza haihitaji msamiati mgumu.

Kabla ya kuanza insha, pigia mstari neno linaloamuru: eleza, linganisha, tathmini, jadili. Ukiambiwa tathmini, lazima utoe hukumu na uitetee. Insha nyingi za korosho hupoteza alama kwa sababu mtu amesifia tu.

Hatua ya sita: miezi ya mwisho

Kuanzia Januari ya kidato cha sita fanya karatasi nzima kwa saa tatu mfululizo, Jumamosi asubuhi, simu ikiwa mbali. Gawa dakika 180 kwa idadi ya maswali ukifuata fomati, na ukishamaliza muda wa swali hama hata kama hujakamilisha. Alama za mwanzo wa swali jipya ni rahisi kuliko za mwisho wa swali ulilolizoea. Sahihisha kwa kutumia taarifa za NECTA, kisha mpelekee mwalimu swali moja tu ulilolikosa vibaya. Walimu wana madarasa makubwa, na ukienda na swali moja lililo wazi utasaidiwa zaidi kuliko ukienda na karatasi nzima.

Anayekuuzia pepa iliyovuja kwenye kundi la WhatsApp mfute. Hata ikiwa ya kweli, inaweza kukufutia matokeo yote.

Wiki ya mwisho usifungue kitabu kipya. Pitia daftari la mifano, na chora tena kwa kichwa ramani ya Mtwara na Lindi: Ruvuma, Lukuledi, Mbwemkuru, Uwanda wa Makonde, Rondo, Songo Songo, Mnazi Bay. Kamchoro kama hako kakikaa vizuri kwenye insha kanachukua dakika tatu na kanaonekana. Siku ya karatasi ya kwanza beba rula yenye sentimita zinazosomeka, protrakta, penseli mbili zilizochongwa, kifutio, na uzi mweupe usiovutika wa kama sentimita 40. Swali la ramani lifanye kwanza, mkono ukiwa bado haujachoka.